Chenji ya Rada Bila Stakabadhi

Maneno "chenji ya rada" yaliingia katika Kiswahili chetu cha siasa zaidi ya miaka kumi iliyopita na hayajatoka. Yalisikika bungeni, magazetini na vijiweni, yakimaanisha pauni milioni 29.5 ambazo kampuni ya zana za kivita ya Uingereza, BAE Systems, iliilipa Tanzania, na ambazo Serikali ilizielekeza kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Wengi wa wanafunzi ninaowafundisha hapa Nyegezi walikuwa shule ya msingi wakati huo. Huenda walikalia madawati yale. Wanalijua neno "chenji", lakini ukiwauliza kilinunuliwa nini, nani aliuza, kwa bei gani, na kwa nini kulikuwa na chenji ya kurudishwa, darasa linanyamaza.

Neno lenyewe linastahili kupimwa. Mtu akinunua mkate pale stendi ya mabasi ya Nyegezi, akatoa noti ya shilingi elfu kumi, hupewa chenji papo hapo na huihesabu, kwa kuwa anaijua bei. Asiyeijua bei hawezi kusema amepunjwa au amezidishiwa; anapokea tu anachopewa na kushukuru. Ndivyo tulivyofanya sisi kama taifa. Fedha zilirudi, taarifa hazikurudi. Katika makala hii nataka kuonesha kwamba mkasa wa rada, tangu mwanzo hadi mwisho, ulikuwa mkasa wa taarifa: nani alikuwa nazo, nani alipashana na nani kwa siri, na nani alifungiwa nje.

Mlingoti wa Bukoba

Ziwa letu linayajua mambo haya tangu zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikwisha kujenga vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba, ili habari za serikali na za jeshi zisafiri bila kutegemea nyaya wala matarishi. Vita ilipoanza, Waingereza waliviona vituo hivyo kuwa ni hatari kubwa. Mwezi Juni 1915 walipakia askari katika meli za ziwani kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba, na moja ya shabaha zao kuu ilikuwa kuuangusha mlingoti wa simu ya upepo. Waliuangusha. Mwaka uliofuata, Julai 1916, waliiteka Mwanza yenyewe.

Nakumbusha tukio hilo kwa sababu lina umbo ambalo tutalikuta tena. Mtambo wa habari za kijeshi ulisimikwa katika ardhi ya Wahaya na Wasukuma. Dola mbili za Ulaya zilijua thamani yake kiasi cha kuumwagia damu. Wenye ardhi hawakujua ujumbe gani ulipita juu ya vichwa vyao. Wakati ule tulikuwa koloni, na koloni haliulizi. Swali ni nini kilitupata tulipokwisha kuwa taifa huru lenye Katiba, Bunge na Mkaguzi Mkuu.

Mkataba wa mwaka 1999

Mazungumzo ya kuiuzia Tanzania rada ya kuongozea ndege, kwa matumizi ya kiraia na ya kijeshi, yalianza miaka ya 1990 na kampuni ya Siemens Plessey, ambayo baadaye ilimezwa na kampuni iliyokuja kuwa BAE Systems. Mkataba ulisainiwa Septemba 1999 kwa thamani ya dola za Marekani milioni 39.97, yaani takriban pauni milioni 28. Benki ya Barclays ilitoa mkopo. Serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kusafirisha mtambo huo Desemba 2001.

Zingatia tarehe hiyo. Mwezi mmoja tu kabla yake, Novemba 2001, Tanzania ilikuwa imefikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini zenye madeni makubwa. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka huohuo, watoto wakamiminika madarasani, na madawati hayakutosha. Katika hali hiyo nchi ilikuwa inakopa kwa ajili ya rada.

Sasa tuwahesabu waliojua. Kampuni iliyouza ilijua kila kitu: uwezo wa mtambo, gharama za kuutengeneza, faida, na malipo ya mawakala. Serikali ya Uingereza ilijua, kwa kuwa hakuna mtambo wa namna hiyo unaotoka nchini mwao bila kibali. Sera yao ya vibali, iliyofuata kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 1998, iliwataka mawaziri wapime kama nchi inayonunua ina uwezo wa kiuchumi wa kubeba gharama. Ndiyo maana mjadala mkali kuhusu uwezo wetu wa kulipa ulifanyika ndani ya baraza la mawaziri la London: Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga, Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono, na hoja ya ajira katika kiwanda cha Isle of Wight ilikuwa mezani. Benki iliyokopesha ilijua. Benki ya Dunia ilijua, na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walioombwa kuutathmini mradi walieleza mwaka 2002 kwamba mtambo ulikuwa wa bei kubwa mno na haukufaa vya kutosha kwa usafiri wa anga wa kiraia.

Kwa hiyo taarifa za rada zilikuwa zikisafiri. Zilivuka mipaka, kutoka kiwandani kwenda wizarani, kutoka wizarani kwenda benki, kutoka benki kwenda Washington, kwa njia zilizolindwa vizuri na kwa watu wenye idhini. Kituo kimoja hazikufika: kwa mwananchi wa Tanzania ambaye angelipa deni. Mengi tuliyokuja kuyajua kuhusu ununuzi wetu wenyewe tuliyajua kupitia London.

Hapa ndipo hoja ya "siri ya ulinzi" inapoanza kuporomoka. Siri hufichwa adui. Katika biashara hii, serikali ya kigeni, benki ya kigeni na kampuni ya kigeni zote zilikuwa ndani ya siri. Ikiwa wote hao wanajua na mlipakodi pekee hajui, ni halali kuuliza neno "siri" lilikuwa linamlinda nani.

Anga ambalo rada haikuliona

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna jambo la ziada. Mtambo ule ulisimikwa Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka, umbali ambao rada ya ardhini haiwezi kuufikia kwa sababu ya mviringo wa dunia tu, achilia mbali nguvu ya mtambo. Tulilipa sawa na wengine, lakini anga letu lilibaki kama lilivyokuwa.

Na anga hilo halikuwa tupu. Miaka ya vita vya Kongo, ndege za mizigo zilitua na kupaa uwanja wa Mwanza, na minofu ya sangara ilikuwa shehena inayojulikana. Kuhusu shehena nyingine maneno yalikuwa mengi. Mwaka 2004 mwongozaji filamu Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, akidai kwamba ndege zilizochukua samaki ndizo zilizoleta silaha. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete, akiwa hapa Mwanza, aliishutumu filamu hiyo na kusema inalichafua jina la nchi. Waandamanaji waliingia mitaani kuipinga.

Sikusudii kufufua ubishi huo. Nataka tuone jinsi ulivyoendeshwa: neno la msanii dhidi ya neno la Serikali. Hapakuwa na kumbukumbu za wazi za safari na shehena ambazo mwananchi wa Igoma au Kirumba angeweza kuzisoma akaamua mwenyewe. Serikali za ukanda huu zilikuwa zimekwisha kutia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogondogo, ambayo inazitaka kubadilishana taarifa. Zilikubaliana kupashana habari zenyewe kwa zenyewe. Mwananchi hakutajwa kama mpokeaji. Mahali taarifa zinapokosekana, uongo na ukweli hupata bei moja.

Kosa la kumbukumbu

Uchunguzi wa rada ulifanywa na Ofisi ya Makosa Makubwa ya Udanganyifu ya Uingereza, SFO, kwa kushirikiana na TAKUKURU yetu. Januari 2007 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika kuhusu malipo makubwa ya siri kwa wakala. Aprili 2008 Andrew Chenge, Mbunge wa Bariadi Magharibi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati mkataba unasainiwa, alijiuzulu uwaziri wa miundombinu baada ya kuripotiwa kwamba alikuwa na zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya Jersey. Alikanusha kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, na hakutiwa hatiani kwa jambo hilo. Neno lake "vijisenti" liliingia katika utani wa taifa, na kwa wengi utani huo ndio uliobaki kumbukumbu kuu ya sakata zima. Hiyo nayo ni hasara. Tulimcheka mtu mmoja, tukaacha kuuliza kuhusu mfumo.

Desemba 2010 shauri lilifika mahakamani Southwark, London, mbele ya Jaji Bean. Hapa nawaomba wanafunzi wa sheria na watumishi wa umma wasome polepole. Ilielezwa kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 takriban dola milioni 12.4 zililipwa kwa kampuni za mfanyabiashara Shailesh Vithlani. Sehemu ndogo, isiyozidi asilimia moja ya thamani ya mkataba, ililipwa waziwazi kwa kampuni yake ya Tanzania. Sehemu kubwa, asilimia 30 na kidogo, ilipitia Red Diamond, kampuni ambayo BAE iliisajili katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ikaenda Envers, kampuni iliyosajiliwa Panama. Ukijumlisha, katika kila dola mia moja za rada, dola 31 zilikuwa za wakala.

BAE ilikiri kosa gani? Haikukiri rushwa, na upande wa mashtaka haukuishitaki kwa rushwa. Ilikiri kushindwa kutunza kumbukumbu za hesabu zinazoeleza malipo hayo sawasawa: vitabuni yaliandikwa kuwa ni malipo ya huduma za kiufundi. Jaji alisema wazi kwamba ni vigumu kuamini wakala huyo alikuwa mshawishi wa kawaida aliyelipwa vizuri. Hata hivyo, alibanwa na kile kilicholetwa mbele yake. Faini ilikuwa pauni 500,000, pamoja na gharama za mashtaka pauni 225,000.

Kwa maneno mengine, kosa pekee lililothibitishwa katika biashara nzima lilikuwa kosa la taarifa. Mtu aliandika jambo lisilo sahihi kuhusu fedha, ili msomaji wa hesabu asielewe. Msomaji huyo aliyefichwa, hatimaye, ni mimi na wewe.

Mapatano yenyewe, yaliyotangazwa Februari 2010, yalipanga kwamba kampuni italipa pauni milioni 30 kwa manufaa ya watu wa Tanzania, baada ya kutolewa faini itakayoamriwa na mahakama. Ndiyo maana tulipata milioni 29.5. Hesabu hiyo ina mtego: kila pauni ambayo jaji angeiongeza kwenye faini ingepungua kwenye vitabu vya watoto wetu. Tena, SFO iliahidi kufunga uchunguzi wake wote juu ya kampuni na kutoishitaki kwa makosa ya nyuma, hata yale ambayo hayajafichuliwa. Jaji mwenyewe alieleza kushangazwa na msamaha mpana kiasi hicho.

Hiyo ndiyo bei halisi ya chenji. Kesi kamili ingekuwa na mashahidi, nyaraka, barua na maswali ya mawakili. Ingetoa stakabadhi. Badala yake tulipata fedha, na faili likafungwa. Tena hata fedha zilichelewa: kampuni ilitaka kwanza kuzipitisha kwenye utaratibu wake yenyewe, na mwaka 2011 ujumbe wa Bunge letu, ukiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai, ulilazimika kwenda London kudai zilipwe kwa Serikali. Makubaliano ya malipo yalisainiwa mwaka 2012.

Siku chache kabla ya hukumu, mtandao wa WikiLeaks ulikuwa umefichua waraka wa ubalozi wa Marekani wa mwaka 2007, uliodai kueleza mazungumzo ya mkuu wa TAKUKURU wa wakati huo, Edward Hosea, na mwanadiplomasia wa nchi hiyo kuhusu suala hilihili. Hosea alikanusha kwamba maneno yake yalinukuliwa sawasawa. Hata tukimwamini kwa kila neno, ajabu inabaki palepale: hali ya uchunguzi wa rada ya Tanzania ilikuwa imeandikwa katika majalada ya ubalozi wa nchi ya tatu, na Mtanzania aliisoma kwa sababu tu mtu mwingine alivujisha.

Siri ipi ni halali?

Wapo watakaoniambia, na wengine ni wanafunzi wangu walio katika vyombo vya ulinzi, kwamba taifa haliwezi kutandaza mambo yake ya kijeshi sokoni. Nakubaliana nao. Masafa ya mtambo, sehemu zake dhaifu, ratiba za matengenezo, mawasiliano kati ya jeshi na mtengenezaji: hayo ni siri halali, na kuyalinda ni wajibu. Nchi zinazotengeneza silaha zina taratibu kali za kuwahakiki wafanyakazi wa kampuni, kudhibiti nani anafungua mchoro gani, na kupashana taarifa na washirika wao bila kuvuja. Nasi tunahitaji taratibu za namna hiyo, hasa katika zama hizi za mashambulizi ya mitandaoni.

Lakini siri ya uwezo ni kitu kimoja, na siri ya bei ni kitu kingine. Adui hawezi kuangusha ndege yetu kwa kujua tulilipa kiasi gani, wala kwa kujua jina la wakala na kamisheni yake. Aliyenufaika na siri ya bei ni muuzaji na washirika wake. Kosa letu la kihistoria lilikuwa kuruhusu siri ya pili ijifiche ndani ya joho la ya kwanza. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalinda nyaraka za siri kwa adhabu kali. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, kisha inaweka usalama wa taifa miongoni mwa sababu za kunyimwa. Sheria zote mbili zinamwachia ofisa uamuzi wa kugonga muhuri wa "SIRI". Muhuri haujui tofauti kati ya masafa ya rada na kamisheni ya wakala. Ofisa ndiye anayepaswa kuijua.

Na kwamba jambo hili linawezekana, ushahidi uko hapa Mwanza. Agosti 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za kuongozea ndege za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Bei ilitangazwa hadharani: takriban shilingi bilioni 67.3, yaani kama dola milioni 30 kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule. Mitambo hiyo si ya aina moja na ile ya mwaka 1999, na haifai kuilinganisha kana kwamba ni mifuko ya saruji. Hata hivyo, nne kwa milioni 30 na moja kwa milioni 40 ni hesabu inayoruhusu swali, na swali linawezekana kwa sababu bei ilitajwa. Hakuna adui aliyetuvamia kwa kuwa tulitaja bei.

Kwa wanaharakati, naona kazi hapa. Uingereza huchapisha kila mwaka taarifa za vibali vya zana ilizoruhusu kuuzwa nje, nchi kwa nchi. Mwanafunzi wa Nyegezi anaweza leo kusoma kile ambacho serikali ya London imeruhusu kije Tanzania, kwa kutumia nyaraka za London. Asome. Kisha adai kwamba Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama ipewe, hata kwa kikao cha faragha, bei, jina la wakala na masharti ya mkopo wa kila ununuzi mkubwa kabla ya saini, na kwamba Mkaguzi Mkuu azione hesabu hizo baada ya saini.

Kwa watumishi wa umma neno langu ni fupi zaidi. Kosa la Southwark lilikuwa mstari mmoja wa maelezo katika kitabu cha hesabu. Baadhi yenu mtakaa kwenye dawati, mtaletewa karatasi, mtaambiwa muandike "huduma za kiufundi". Mtoto aliyekosa dawati mwaka 2002 hakujua kwamba dawati lake lilikuwa limezama katika maneno matatu ya namna hiyo. Miaka kumi baadaye mdogo wake aliletewa dawati, akaambiwa ni chenji. Stakabadhi bado hatujaletewa.